Mfugaji wa Kuaminika Nyumbani kwa Mjomba

"Mji huu hajazaliwa mtu wa kuniachia mzigo," Marashi aliwatangazia watu akiwa kwenye kiti cha kinyozi. "Mimi ndiye huwaachia watu mizigo, tena wananishukuru."

Kinyozi alimwomba atulie asije akakatwa sikio. Marashi akatulia, maana masikio ndiyo mtaji wake. Marashi ni jina la mtaani. Hununui kitu kwake bila kunukia siku tatu.

Wakati huo alikuwa na sababu nzuri ya kutulia zaidi ya siku zote. Mjomba wake, mzee anayefua soksi zake mwenyewe kwa kuwa haamini mtu, alikuwa amesafiri kutibiwa mgongo na kumwachia nyumba ailinde. Nyumba ina bustani, ina geti linalofunguka bila kulia. Mjomba akirudi na kuikuta kama alivyoiacha, Marashi angepewa chumba cha uani akae humo mpaka achoke mwenyewe. Akikuta uharibifu wowote, na hasa akikuta mnyama, maana mjomba hapendi mnyama hata kwenye kalenda, Marashi angerudi kulala kwa marafiki. Na marafiki walishaanza kubadilisha vitasa. Mtu mwenye akili angekaa kimya akamwagilia maua. Bahati mbaya Marashi alikuwa na akili nyingi mno.

Alipotoka kwa kinyozi alipitia duka la vifaa vya ujenzi kununua kufuli. Mwenye duka ni mama mwenye sauti nene na subira nyembamba, anaitwa Mama Mabati hata na watoto wake. Alikuwa kwenye simu na wifi yake. Kumbe wifi alikuwa amenunua mbwa wa ukoo, mwenye babu anayejulikana, na tangu amnunue hakuna mazungumzo yaliyokwisha bila huyo babu kutajwa. Mama Mabati naye alitaka wake, ila alikuwa anaogopa matapeli. Kwa hiyo akawa anamsomea wifi masharti aliyoyaokota mtandaoni. Mfugaji wa kuaminika hukuonyesha mama wa watoto. Hukukaribisha kwake uone wanapolala. Hukuuliza maswali mengi kuliko unavyomuuliza wewe. Hana haraka ya kuuza. Na ukishindwa kumlea mtoto, humpokea wakati wowote.

Marashi alisimama na kufuli mkononi kama mwanafunzi aliyepewa mtihani uliobandikwa majibu nyuma.

Tapeli wa kawaida angesema, ninao, mama, bei poa. Huyu si wa kawaida. Alisubiri simu ikatwe, akalipia kufuli, akageuka kuondoka, halafu kwa sauti ya mtu aliyefiwa akasema inatia moyo kuona bado kuna watu wanaouliza maswali hayo, maana yeye amewanyima wengi.

"Umewanyima nini?" Mama Mabati aliuliza.

"Watoto wa mbwa, mama. Lakini tuyaache. Sina wa kuuza."

"Huna kabisa?"

"Wapo. Wa kuuza ndio sina."

Mama Mabati akatoka nyuma ya kaunta, jambo ambalo hata watu wa kodi hawajawahi kulipata kwake. Akabembeleza. Marashi akakataa, akakataa tena, mwishoni akakubali kwa shingo upande kwamba Jumapili mama aje, si kununua, aje kuangaliwa kama anafaa.

Palibaki tatizo dogo, nalo ni kwamba mbwa hakuwa naye. Lakini barabara ya pili kulikuwa na karakana ya seremala, na uani kwake jike la rangi ya kutu lilikuwa limezaa kwenye vumbi la mbao. Sikio lake moja lilisimama, la pili lilikuwa limekata tamaa. Marashi aliomba mtoto mmoja. Seremala akampa wote. Akampa na mama yao, akambebea mpaka barabarani, akarudi ndani akafunga mlango kwa komeo. Mtu makini angejiuliza kwa nini fundi anacheka peke yake. Marashi alikuwa anawaza shampuu.

Ilitumika shampuu ya mjomba, na taulo la mjomba, lile la wageni ambalo hakuna mgeni aliyewahi kuruhusiwa kuligusa. Kufikia Jumapili wale mbwa walikuwa wanang'aa kama viatu vya bwana harusi, na wana ukoo: Walinzi Wekundu wa Mabonde. Lile sikio lililokata tamaa ndilo likawa alama ya damu safi.

Mama Mabati alikuja na wifi yake, mwanamke wa miwani mikubwa aliyekuja hasa kutafuta kasoro. Jike lilimwona Mama Mabati likatikisa mkia mpaka kiuno. Marashi akaeleza kwamba mbwa wa ukoo huu hutambua utu wa mtu papo hapo. Wifi, ambaye hakutikisiwa kitu, akanuna.

Kisha yakaanza mahojiano. Marashi alikuwa amevaa koti la mjomba, na alikaa kama hakimu.

"Nyumbani kwako nani ana hasira?"

"Mume wangu, chakula kikichelewa."

"Huchelewa mara nyingi?"

"Hilo nalo linamhusu mbwa?"

"Mama, kila kitu kinamhusu mbwa."

Akamuuliza kama anakoroma, kama ana deni la ugomvi na majirani, kama amewahi kumfokea mtu asiyejua kosa lake. Hilo la mwisho Mama Mabati alilijibu kwa kutazama dari. Marashi akatikisa kichwa, akasema samahani, hafai. Mama wa watu karibu alie. Wifi kwa mara ya kwanza akamwonea huruma, akasema mbona yeye alipopata wake hakuulizwa hata jina. Marashi akamgeukia taratibu na kumpa pole, kama mtu anayempa pole mgonjwa asiyejua kwamba anaumwa.

"Na akishindwa kumlea?" wifi aliuliza kwa hasira, akainua simu yake kumrekodi. "Utampokea?"

Hapa ndipo Marashi alipolewa na sauti yake mwenyewe. Alisimama, akaweka mkono kifuani.

"Dada, kazi hii aliianza babu yangu. Mbwa yeyote aliyetoka mikononi mwa ukoo wetu, awe mzee, awe kipofu, awe hana jino, mlango huu uko wazi. Sitauliza swali. Sitadai kitu. Huyo ni mwanangu."

Hata mimi ningenunua. Wifi alifuta machozi kwa pindo la mtandio, na jioni ile video ilikuwa kwenye simu za mji mzima.

Mama Mabati akakubaliwa. Akasema pesa zake zote ziko kwenye mzigo, je, mfugaji angepokea mabati mapya, wavu wa waya na misumari? Marashi akapiga hesabu ya haraka kichwani, akaona bati huuzika kuliko mkate, akasema kwa upole kwamba yeye haangalii malipo, anaangalia moyo.

Kesho yake lori likaleta mzigo. Ila halikuushusha tu na kuondoka. Alishuka pia yule seremala, ana msumeno na rula, akaanza kupima bustani ya mjomba. Marashi akamuuliza anafanya nini.

"Banda," alisema seremala. "Mama kanilipa ufundi. Anasema mfugaji wa kuaminika hakosi banda, na mbwa wako hawana. Au nimwambie hutaki?"

Mama mwenyewe alikuwa amekaa mbele ya lori, kampakata mtoto wake wa mbwa, anatazama kwa mapenzi. Marashi akasema hapana, ajenge tu. Akajifariji kwamba bati lililogongomelewa ni bati bado, usiku mmoja litang'olewa.

Hakung'oa. Banda lilipokwisha tu, geti liligongwa. Alikuwa mlinzi mstaafu mwenye dume la zamani, halina meno, macho kama maziwa. Alisema amelirudisha.

"Baba, huyu si wangu," alisema Marashi.

"Nilimpata kwa babu yako."

Marashi akaikumbuka ile video. Akajaribu njia nyingine. Akasema, kwa heshima zote, huyu ni mbwa wa mtaani.

"Umejuaje?" ilisema sauti nene nyuma ya mzee. Mama Mabati alikuwa amepita kuchukua ushauri wa chakula. "Tueleze tofauti, mwanangu. Mimi bado najifunza."

Marashi akalitazama dume. Akalitazama jike la rangi ya kutu lililosimama kando yake. Masikio yalifanana, hata kukata tamaa kulifanana. Akitaja tofauti moja tu, mtoto aliyepakatwa na Mama Mabati pale angekuwa nayo vilevile. Akafungua mlango wa banda. Mzee alimbariki kwa dua ndefu, akaondoka anaruka kama kijana.

Basi habari ikaenea. Alikuja muuza magazeti na mbwa anayekula magazeti. Wakaja wachumba walioachana, kila mmoja kamshika mbwa mwisho mmoja, wakakubaliana kwa mara ya kwanza tangu waachane. Alikuja kijana mmoja mtanashati, mwenye maneno matamu na dume lenye mkia nusu, akasema linakumbuka sana nyumbani kwao. Kila mmoja alikuja na ile video kwenye simu, ameisimamisha pale alipoweka mkono kifuani. Marashi, ambaye maishani hakuwahi kufagia hata chumba chake, akawa anafagia kwa wanaokula na waliokwisha kula. Kutoroka alikufikiria. Lakini kutoroka ni kukiacha chumba cha uani, na mbwa wakibaki peke yao ndani ya nyumba ya mjomba, hata chumba cha jela angekikosa kwa aibu.

Mzigo wa mwisho uliletwa na lori la Mama Mabati mwenyewe, nalo lilikuwa limejaa. Walikuwa ni mbwa wote wa barabara ya pili. Aliposhuka, Mama Mabati alimsogelea karibu asisikike na wengine.

"Uani kwa seremala na uani kwangu nyumbani panatenganishwa na ukuta mmoja, mwanangu. Huyo mama yao mimi ndiye nimekuwa namtupia mifupa. Tumetafuta wa kuwachukua hawa mwaka mzima, halafu ukaja wewe na kufuli."

"Kwa hiyo ulijua. Basi rudisha na huyo wako," alisema Marashi kwa uchungu.

"Huyu?" Mama Mabati alimvuta mtoto kifuani. "Huyu nampenda. Wewe mwenyewe ulinikagua."

Na hapo hapo teksi ikasimama getini. Mjomba akashuka, kajifunga mkanda wa mgongo, kashika begi lake mwenyewe. Alitazama banda. Alitazama taulo lake la wageni likiwa mdomoni mwa dume lisilo na meno. Akamtazama mpwa wake mwenye ndoo.

Marashi akaanza kutengeneza uongo, lakini Mama Mabati alimwahi. Alimpa mjomba mkono, akamsifu kwa kulea kijana mwaminifu aliyeshika kazi ya babu yake.

"Babu yake alishona viatu," alisema mjomba. "Akiona paka alipanda juu ya kiti."

Mjomba akalizunguka banda polepole, akaligonga bati kwa kidole, akautikisa wavu, akapima kimo cha mlango kwa macho.

"Chumba cha uani nilikuahidi ukilinda nyumba," alisema mwishoni. "Hukulinda. Lakini mimi mtoto wa dada yangu simlazi nje. Hili paa ni jipya, halivuji, na wenzako wamekuzoea."

Ndivyo Marashi alivyopata makazi ya kudumu. Watu huja mpaka leo kuulizia Walinzi Wekundu. Huwaapia kwamba ni mbwa wa mtaani, tena wengine wamerudishwa kwa tabia mbaya. Hawamwamini. Hudhani anawapima moyo, wakazidi kubembeleza.

Nilipofika hapa, dada yangu mkubwa, ambaye husoma mabegani mwa watu bila kuombwa, ameweka kidole kwenye karatasi. Anauliza yule kijana mtanashati mwenye dume la mkia nusu ni nani. Nimemwambia ni mhusika tu, hadithi zinahitaji wahusika.

"Mhusika," amesema. "Mimi nilimtafuta mbwa wangu wa mkia nusu kila uchochoro, na wewe ukaniambia ameoa mbali."

Nimeanza kumweleza kwamba mikia nusu ni mingi mjini. Hasikilizi. Amesimama mlangoni na kamba mkononi, ananisubiri nivae viatu.