Kiti cha Tatu Kutoka kwa Askofu

Jumamosi, 12 Aprili

Askofu kutoka nyumbani anakuja Alhamisi Kuu. Kanisa letu la Yohana Mbatizaji hapa Tottenham litaandaa chakula ukumbini, na binti yangu Shiro ataeleza picha ya Karamu ya Mwisho, ile iliyochorwa ukutani kule Milano. Shiro anasomea picha chuo kikuu. Si kila mtu anajua kuna watu wanasomea picha, kwa hiyo leo nimewaeleza akina mama wote waliokuwa kwenye foleni ya chai, na wawili ambao hawakuwa.

Habari kubwa ni hii. Hillary, mwana wa Priscilla, atapiga picha ya meza kuu, nayo itawekwa kwenye kalenda ya kanisa ya mwaka ujao. Kalenda hiyo hufika mpaka kwetu Othaya. Wifi yangu husema kazi yangu London ni kuosha wazee tu. Sasa ataniona ukutani kwake, karibu na Askofu, mwezi mzima.

Tatizo ni Priscilla. Ndiye mwenyekiti wa akina mama, na kiti cha karibu na mgeni amekikalia tangu nije nchi hii.

Jumapili, 13 Aprili

Shiro kanionyesha kazi yake. Katandaza picha kwenye meza ya jikoni, kachukua uzi wangu wa sufu, kauvuta kutoka kona za dari na kuta za ule ukumbi uliochorwa. Nyuzi zote zikakutana mahali pamoja: kichwani kwa Bwana, karibu na jicho. Akasema kwa Kiingereza chake (Kiswahili yeye husikia tu) kwamba ukiangalia popote, macho yako yanarudishwa hapo. Nyuma ya Bwana kuna dirisha, kwa hiyo mwanga anao bila kuvishwa taji. Mitume wamekaa watatu watatu, na mikono yao inapiga kelele, maana ndiyo kwanza wameambiwa mmoja wao ni msaliti.

Nikamuuliza mbona wote wako upande mmoja wa meza. Akaanza maelezo marefu. Nikamkatiza, hiyo naijua: ni meza kuu, wageni wa heshima hawawapi watu mgongo. Alicheka, kisha akaiandika.

Mtoto ana akili. Kaitoa wapi, sitasema.

Jumatatu, 14 Aprili

Mpango umekamilika. Mapambo ni kazi yangu, na kadi za viti ni mapambo. Viti kumi na vitatu kama pichani, na picha yenyewe itaangazwa ukutani juu ya meza. Askofu katikati. Mkono wake wa kuume kuna kijana mpole mwenye nywele ndefu. Hapo ni mkewe Askofu, sithubutu kugusa. Halafu mzee mwenye hasira; huyo mchungaji wetu. Wa tatu ni mwanamume imara, kiwiko mezani, mfuko mkononi. Mweka hazina. Na mweka hazina wa akina mama ni nani? Kiti kilikuwa kinanisubiri.

Yuda nimemtafuta mwenyewe. Msaliti hukaa karibu na mlango, hilo halihitaji chuo kikuu. Yule wa mwisho kabisa ameshasimama, mikono mezani, kama mtu wa kuondoka. Kadi ya Priscilla nimeiweka hapo.

Shiro alitaka kunieleza nani ni nani. Nikamwambia asinimalizie utamu, nitasikia siku yenyewe.

Jumatano, 16 Aprili

Nilikwenda dukani kwa Ushma kununua utepe wa zambarau. Ushma alizaliwa Kisumu na haachi kuuliza. Akataka kujua, Mama Shiro, unaoza binti bila kunialika? Nikamwambia hizi ni hesabu za picha, ngumu kidogo. Akasema hesabu anayoijua yeye ni ya mita.

Nimefunga tepe kutoka kona zote za ukumbi. Zilitakiwa zikutane nyuma ya Askofu. Nimezisogeza. Sasa zinakutana nyuma ya kichwa changu. Nimekaa nikajaribu, macho hayana pengine pa kwenda.

Priscilla akaingia, akatazama juu, akaniuliza hema langu limepigwa na upepo gani. Nikamjibu ndiyo sanaa. Akaona kadi yake. Akauliza kama siku hizi wenyeviti wanalinda mlango. Nikamwambia nimemwonea huruma, hapo atapata hewa.

Alhamisi, 17 Aprili

Ukumbi ulijaa. Nilivaa kitenge kipya, kilemba juu. Kiwiko mezani, mkoba mkononi, sawasawa na pichani. Hillary akapanga kamera.

Shiro alisimama chini, macho kwenye picha ukutani, sisi wa mezani hakututazama. Alianza vizuri. Dari, mistari, dirisha. Akasema meza kuu, na watu wakacheka kwa raha. Akataja wa mwisho karibu na mlango: Mtume Bartolomayo, aliyeinuka kwa uchungu wa kumpenda Bwana wake. Priscilla akajiweka kilemba sawa.

Kisha akasema sasa tumtazame wa tatu kutoka katikati. Amejitenga na mwanga. Kiwiko mezani. Mfuko wa vipande vya fedha mkononi. Huyu ndiye Yuda.

Watu wote wakatazama picha, wakanitazama mimi, wakafuata tepe, wakanitazama tena. Nilivuta mkono haraka. Kiwiko kikapiga kibakuli cha chumvi. Wakati huohuo Shiro alikuwa akisema kwamba katika nakala za zamani utaona Yuda amemwaga chumvi.

Askofu alifunika uso kwa leso. Mabega yake yalitikisika.

Shiro akageuka, akaniona. Nilimwona mwanangu akiwa na miaka sita tena, amesahau shairi. Kisha akanyoosha mgongo, akaendelea, na kwa Kiswahili, cha kuvunjikavunjika. Akasema hata huyu alialikwa. Mkate alipewa. Tena amewekwa karibu kuliko wengi.

Ukumbi ulipiga makofi. Mimi ndiye niliyeanza.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Askofu amechagua picha ya kalenda. Ni ile ya chumvi. Nitakuwa mwezi wa Aprili, karibu na Askofu, tepe zote kichwani kwangu. Priscilla katokea sikio tu.

Mama kapiga simu kutoka Othaya. Ametumiwa picha tayari. Kauliza mbona watu wote wananitazama mimi. Nikamwambia ni heshima. Wifi alikuwa pale, nilimsikia akiuliza kitenge ni cha bei gani.

Kosa lilikuwa la kiti, si la utepe. Karamu ya mtakatifu wetu Yohana ni mwezi wa Juni, na Shiro ameombwa aeleze picha nyingine. Nimeichungulia kwenye simu yake. Mfalme yuko meza kuu, uso umemshuka, pengine ni njaa. Mbele yake msichana mwenye mavazi mazuri mno, kila mtu anamtazama yeye, na amebeba sinia lenye kichwa, nadhani cha mbuzi.

Kubeba sinia ni mimi. Kichwa nimeshaagiza kwa muuza nyama. Shiro sijamuuliza kitu.