Binti wa Spana na Mtihani wa Mifupa

Kwenye benchi la nje ya kibanda cha kinyozi, redio ndiyo iliyozua ubishi. Mtaalamu mmoja alikuwa akieleza kwamba mwanafunzi akishasoma, akaacha kitabu na kushika shughuli nyingine, akili yake huendelea na somo kimyakimya bila mwenyewe kujua.

Kinyozi, ambaye wenzake walimwita Mapumziko kwa kuwa kila mteja humkuta amesinzia, alifurahi kupita kiasi. Akadai kumbe miaka yote hii yuko chuo kikuu, ila hakuna aliyekumbuka kumpa cheti.

Spana, fundi baiskeli, hakucheka. Binti yake alikuwa amefeli mtihani wa mifupa kwenye chuo cha uuguzi, kesho anaurudia, na akifeli tena ndio basi. Asubuhi hiyo Spana alimnyang'anya simu, akamkataza kwenda kusuka, akamwonya asiinue uso kitabuni.

"Akili isiyojua inachofanya," akasema, "ikifika kwenye mtihani itaandika nini?"

Bi Sindano, fundi cherehani wa mlango wa pili, akakata uzi kwa meno. Akamuuliza gurudumu lililopinda hulinyooshaje. Spana akajibu kwamba unalizungusha, unalisikiliza, halafu unakaza spoki. Spoki ipi? Ile inayotakiwa. Unaijuaje? Spana akatazama mkono wake. Tangu aanze kazi hajawahi kuulizwa.

"Mkono unajua tu," akasema.

"Na huo mkono ulisomea wapi?"

Benchi zima likaangua kicheko. Spana akainuka, akasingizia anakwenda nyumbani kunywa maji.

Alikuta kitabu kimefungwa mezani na binti yuko uani, anaosha vyombo. Hasira zikampanda. Alishavuta pumzi ya kufoka ndipo akamsikia: anaimba majina ya mifupa kwa wimbo wa chekechea, kutoka begani hadi ncha za vidole, bila kukwama hata kwenye mmoja, huku akisugua masizi ya sufuria. Hakuonekana hata kujua kwamba anaimba.

Spana akavua viatu, akavishika mkononi, akatoka kinyumenyume asije akamkatiza.

Kijiweni wakamuuliza kama binti anasoma.

"Anasoma."

"Amefika ukurasa wa ngapi?" akauliza Mapumziko.

"Nimemwacha kwenye sufuria kubwa," akasema Spana, akaketi.