Jirani wa Ndani ya Simu

Habari aliileta Katibu. Kwenye benchi la mbele ya saluni yangu habari zote huletwa na Katibu, kwa sababu alifanya kazi ya masijala miaka thelathini, na mpaka leo anaamini jambo halijatokea mpaka yeye alisome kwa sauti. Aliishika simu mbali na uso, urefu wa mkono mzima, akakohoa, akasoma:

"Wachezaji wote wa sava ya Kiwanja Huru mnaarifiwa kwamba ulimwengu utafutwa leo saa kumi kamili jioni. Nyumba, mashamba, madaraja na mali zote zitapotea. Asanteni kwa kujenga pamoja nasi."

Nilikuwa na mteja kitini, nimeshamnyoa upande mmoja. Nikazima mashine, maana mimi siwezi kunyoa na kusikiliza kwa wakati mmoja, na wateja wangu wanalijua hilo.

"Ulimwengu upi unafutwa?" aliuliza Mama Pasi, ambaye meza yake ya kupigia nguo pasi iko hatua mbili kutoka kwenye benchi. "Nina mashuka ya watu hapa. Kama ni huu nijue mapema, nisijichoshe."

"Ni wa kwenye simu, mama." Huyo ni Chaja, fundi simu. Anatengeneza simu za mtaa mzima na ya kwake kioo kimepasuka vipande saba. "Ni gemu. Watu mnaingia wengi kwa pamoja, kila mtu yuko kwake. Mnapewa ardhi tupu. Unachimba mawe, unakata miti, unajenga unachotaka. Na mnaongea kwa sauti zenu wenyewe. Ukimsogelea mtu unamsikia, ukienda mbali sauti inapotea, kama hapa mtaani."

"Kama ni kama mtaani, si tupo mtaani? Mtu anauacha mtaa wa bure, ananunua bando akakae mtaa mwingine?"

"Kule hakuna wewe."

"Kausha, Chaja. Suruali yako iko hapa na pasi ina moto."

Katibu alikuwa bado anaikazia macho ile notisi. "Mimi naona kasoro ya kisheria. Notisi ya saa chache. Watu wana makazi, wana mashamba, unawaambia leo saa kumi? Pingamizi zitapelekwa wapi? Na hati za viwanja ziko wapi?"

"Hakuna hati, mzee. Unajenga tu."

"Basi wote ni wavamizi. Ningekuwepo mimi, siku ya kwanza ningefungua masijala. Kila mti na jalada lake."

"Ungekuwepo wewe ungeliwa na mazombi siku ya kwanza, unasubiri muhuri."

Tulicheka sote. Hata mteja wangu alicheka, na kichwa chake cha nusu. Aliyekuwa hacheki ni mmoja tu, Fundi, mwashi wetu, aliyekaa mwisho wa benchi na vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Mikono yake ilikuwa katikati ya magoti, na uso umepoa kama wa mtu aliyetoka kupima na kuambiwa asubiri majibu.

"Sasa hivi ni saa ngapi?" akauliza.

"Tisa na dakika ishirini," nikamwambia.

"Basi nimebakiwa na dakika arobaini." Akatoa simu mfukoni, akaifuta kwa shati, akatuonyesha. Kwenye kioo palikuwa na nyumba ya mawe, kona zimenyooka, madirisha yamelingana, na ukuta wa uani umepangwa vizuri kuliko kuta nyingi za mtaa huu. "Hii ni yangu. Na ile ya jirani nimeijenga mimi pia."

Nitasema ukweli, tulimcheka mpaka Mama Pasi akaweka pasi chini. Fundi ana miaka sitini na miwili. Simu kwake ilikuwa chombo cha kupokelea oda za kazi, basi.

"Wewe?" Chaja alikuwa anafuta machozi. "Wewe uliyeniambia gemu ni ugonjwa?"

"Wewe ndiye uliyenitia humo. Si unakumbuka, miezi miwili iliyopita, nilikuletea simu? Nilitumiwa mwaliko, namba ngeni. Nikajua ni tangazo la dawa za nguvu, nikakwambia ufute."

"Nikabonyeza kwanza nione ni nini," Chaja akakiri.

"Akabonyeza. Ukafunguka uwanja mpana, na mbele yangu nikaona mtu anapandisha ukuta bila timazi." Alituangalia mmoja mmoja kuhakikisha uzito wa jambo umetufikia. Timazi ni ile kamba yenye kichuma chini, mwashi anaining'iniza kupima kama ukuta umesimama wima. "Bila timazi, bila kamba ya mlalo, bila chochote. Nikamfokea."

"Ukamfokea mtu usiyemjua, aliye ndani ya simu?" Mama Pasi akauliza.

"Ukuta ulikuwa umepinda. Wewe ungefanyaje? Nikamwambia bomoa hiyo takataka. Nikadhani atanitukana. Akasema, samahani fundi, nifundishe. Ndio nikamjua Kobe. Huko anajiita Kobe. Tangu siku hiyo kila nikitoka kazini tunajenga pamoja. Yeye anajua mambo ya kule, pa kukimbilia, nini kinauma na nini hakiumi. Mimi najua kuta. Tunaongea. Anauliza mgongo unaendeleaje. Anauliza kama nimekula."

Akaongeza kwa sauti ndogo, "Tangu mke wangu afariki hakuna mtu aliyekuwa ananiuliza kama nimekula."

Hapo kicheko kilikwisha. Niliona aibu, nasema wazi. Huyu mtu tunakaa naye benchi moja kila siku. Tunajua kwamba ana binti mmoja tu, na kwamba binti alileta mchumba nyumbani, na kwamba Fundi alimfukuza mchumba kwa sababu kijana hakuwa na kazi ya kueleweka. Tunajua walioana bila yeye, na kwamba miaka miwili sasa hawapigiani simu. Yote hayo tumeyajadili sana hapa akiwa hayupo. Ila kumuuliza kama amekula, hakuna aliyewahi.

"Sasa tatizo lako ni nini?" Mama Pasi aliuliza, safari hii kwa upole.

"Saa kumi Kobe anapotea. Simjui jina, sijui anakaa wapi. Nataka namba yake ya simu."

"Muombe."

"Naona aibu. Sijawahi kumuomba mwanamume namba maisha yangu yote. Ataniona mzee mpweke."

"Si ndivyo ulivyo?" Chaja akasema, akapigwa na shati lenye unyevu.

Katibu alisimama. Ukimuona Katibu anasimama, ujue kuna kikao. "Jambo kama hili mtu hajisemei mwenyewe. Linahitaji ujumbe. Mimi nitaongoza. Mama Pasi mjumbe, kinyozi mjumbe, Chaja mtaalamu wa mitambo. Agenda ni tatu: salamu, utambulisho, na maombi ya mawasiliano ya kudumu."

"Zimebaki dakika ishirini na tano," nikasema.

"Salamu fupi."

Tuliizunguka simu kama watu wanaoota moto. Fundi akaingia kwenye ule ulimwengu, kidoli kinachomwakilisha kikashuka njia ya mawe mpaka nyumba ya jirani. Huko ndani watu walikuwa wanakimbia huku na huku wanaagana, wengine wanachoma moto mazizi yao wenyewe kwa furaha. Kidoli kikasimama mlangoni kabisa.

"Rudi nyuma," Katibu akaamuru. "Ujumbe haugandi mlangoni kama mdai. Rudi mpaka getini. Wageni wenye heshima wanasimama getini, wanapiga hodi, wanasubiri."

Fundi akarudi mpaka getini. Katibu akasogeza mdomo kwenye simu, akapiga hodi mara tatu, halafu akafungua hotuba. Akaeleza sisi ni nani. Akaeleza benchi lilianzaje. Akaeleza sifa za Fundi, kazi alizojenga, choo cha shule na ukumbi wa mkutano, na jinsi asivyokunywa. Akagusia masijala kidogo, kisha akagusia masijala sana. Alipofika kwenye agenda ya tatu jasho lilikuwa linamtoka, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeguswa.

"Tunasubiri jibu lako, kijana," akamaliza.

Kimya.

"Anatafakari," Katibu akasema.

Chaja, aliyekuwa ameinamia simu ya mtu na waya wa kuchomelea, akanyanyua kichwa. "Mmesimama wapi?"

"Getini."

"Wazee, si niliwaambia? Sauti inasikika ukiwa karibu. Kutoka getini huyo hajasikia hata kikohozi. Umehutubia ukuta dakika kumi na tisa."

Nilitazama saa. Zilikuwa zimebaki dakika nne. Fundi alimnyang'anya Katibu simu, akasukuma kidoli chake kwa kidole gumba, kikapita geti, kikapita ua, kikajibamiza mlangoni.

"Fundi?" Sauti ilitoka, ya kijana, tulivu. "Nimekuona umesimama getini muda wote huo, nikadhani mtandao umekwama."

"Kobe, sikiliza, sina muda. Nataka namba yako ya simu. Ulimwengu huu ukifutwa mimi nitakuwa sina mtu." Maneno yalimtoka kwa haraka, hata mate hakumeza. "Wewe ni kijana mwenye adabu. Unasikiliza. Ukikosea unabomoa unaanza upya bila kununa. Nakwambia mbele ya mashahidi, wewe ndiye mtu ambaye ningempa binti yangu."

Kwenye kona ya kioo namba nyekundu zilikuwa zinahesabu kurudi nyuma.

"Ulishakataa, Fundi," ile sauti ikasema.

Mama Pasi alikuwa ameshika pasi juu ya shuka la mtu, na akaisahau hapo hapo.

"Nilikuja kwako," kijana akaendelea. "Nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Nikakuamkia, hukuitikia. Ukaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema mimi ni mwangalizi wa sava za gemu. Ukainuka ukafungua mlango, sikupata nafasi ya kusema neno jingine. Ndiyo maana huku hukuijua sauti yangu."

Fundi aliisogeza simu karibu na sikio.

"Ule mwaliko niliutuma mimi. Mke wangu hakuwa na habari. Siku uliponifokea kwa ajili ya ukuta, alikuwa jikoni. Alitoka mbio na mwiko mkononi, akasimama nyuma yangu, akasema huyo ni baba. Tangu siku hiyo anakaa hapa kila jioni, hasemi kitu, anakusikiliza tu. Yeye ndiye anayeniambia nikuulize kama umekula."

"Yupo hapo?" Sauti ya Fundi ilikuwa imepasuka.

"Yupo hapa."

Zilikuwa zimebaki sekunde arobaini, na benchi zima likageuka washauri. Katibu alisema aombe radhi kwa maandishi, kwa nakala. Chaja alisema alie, kilio kinaeleweka haraka. Mimi nilisema amtaje binti jina, jina tu linatosha. Mama Pasi alisema tunyamaze wote, ila alilisema hilo kwa sauti kubwa kuliko sisi sote. Fundi alikuwa anatikisa midomo. Nilikuwa namwona anatafuta neno la kwanza, analipima, analiacha, anachukua jingine. Mtu huyu anaweza kukemea ukuta wa mgeni bila kufikiri, lakini hapa alitaka neno lisimame wima.

Kioo kikawa cheusi. Katikati yakabaki maandishi madogo meupe: muunganisho umekatika.

Harufu ya shuka lililoungua ilitufikia, Mama Pasi akanyanyua pasi, akaangalia lile tobo lenye umbo la pasi, wala hakulaani. Fundi aliendelea kukishika kile kioo cheusi kwa mikono miwili.

"Hukusema kitu," Mama Pasi akamwambia hatimaye.

"Nilikuwa nalitafuta."

"Chaja, irudishe," nikasema.

"Nirudishe nini, kinyozi? Imefutwa. Haipo tena mahali popote."

Katibu aliketi taratibu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa na sura ya mtu aliyefanya kosa na hana fomu ya kulijazia. "Hotuba ningeifupisha," akasema.

Ndipo simu ikaita mkononi mwa Fundi. Namba ngeni. Chaja akanyoosha kidole aweke sauti kubwa, Mama Pasi akamshika mkono akaurudisha alikoutoa. Simu ikaita mara ya pili, ya tatu. Fundi alisimama, akafunga kifungo cha juu cha shati, akajipangusa vumbi kifuani, akapokea. Upande wa pili ulikuwa haujatoa hata pumzi.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Marahaba."

Akaondoka nayo sikioni kuelekea ukutani, ametupa mgongo.

Katibu alinigeukia, amekunja uso. "Mbona ameitikia? Hajaamkiwa huyo."

"Aliamkiwa miaka miwili iliyopita," Mama Pasi akamwambia, huku analikunja lile shuka ili tobo likae ndani. "Hebu nyamaza ili amsikie vizuri."