Mwalimu wa Darasa la Sita B

Jumatatu, 4 Novemba

Likizo imekwisha. Baridi imeteremka kutoka mlimani na kuingia moja kwa moja darasani kwangu, kupitia dirisha lisilo na kioo. Wanafunzi thelathini na mmoja wa Darasa la Tano. Wote wana mafua. Sasa na mimi.

Tangazo kubwa nje ya ofisi. Maktaba ya mkoa, ile inayotuletea gari la vitabu kila Jumanne kutoka Kef mjini, imepata sanamu ya mwili wa binadamu. Kichwa na kiwiliwili. Moyo unatoka, ini linatoka, utumbo unatoka wote na kurudi! Lakini ni moja tu kwa shule kumi na nne. Ataazimwa mwalimu atakayeandika andalio bora la somo.

Na tarehe 21 mkaguzi Bwana Hashmi anakuja kunikagua kwa ajili ya cheo. Miaka tisa nakisubiri cheo hicho! Safari iliyopita nilimchorea mfumo wa chakula ubaoni. Akauliza hiyo reli inakwenda wapi.

Sanamu lazima niipate.

Tatizo: nimefungiwa. Bi Dhuha, mkutubi mpya, ameapa kutoniazima hata kijitabu mpaka Januari. Kisa? Atlasi niliyoirudisha na tone la harisa, ile pilipili ya kusaga, juu ya bara la Asia. Tone moja! Haya, Asia yote. Na Misri.

Mwalimu Rafika wa Darasa la Sita ameshachukua fomu. Amejipepea nayo mbele ya pua yangu, katika baridi hii, akaniambia pole kaka, Januari si mbali.

Nina wazo.

Jumanne, 5 Novemba

Wazo linaitwa Mwalimu Lamjed Ayari. Anafundisha Darasa la Sita B. Shule yetu haina Darasa la Sita B, wala Mwalimu Lamjed. Lakini Bi Dhuha hashuki garini mwake, anakaa hapo langoni na vitabu vyake na jiko lake la mkaa. Atajuaje?

Jana nimekaa saa tatu nzima nikimwandikia Lamjed andalio la somo. Wanafunzi watasikiliza mapigo ya moyo kwa bomba la karatasi. Watapima utumbo kwa kamba, kutoka mlangoni hadi ukutani. Watafuata safari ya zeituni moja kutoka mdomoni hadi mwisho wa safari. Nimelisoma mara mbili. Nimejishangaa. Mimi mwenyewe sijawahi kuandaa somo namna hii. Lamjed ni mtu wa bidii.

Mhuri nimeupata mezani kwa mwalimu mkuu, Bwana Muldi, alipokwenda kunywa kahawa. Bwana Muldi huwa anakwenda kunywa kahawa.

Jumanne, 12 Novemba

Ushindi!

Gari limekuja na sanduku la mbao limeandikwa: MWALIMU LAMJED AYARI. Nikajitolea kulipokea. Bi Dhuha akanitazama kama mtu anayemtazama paka karibu na samaki. Akauliza Lamjed mwenyewe yuko wapi. Nikasema jino linamuuma. Akasema basi nimpe salamu, na nimwambie kwamba kwa miaka kumi na moja ya kazi hii hajapata kusoma andalio zuri kama lile. Amelitolea nakala kumi na nne, moja kwa kila shule.

Kumi na nne! Nikavimba kama mkate ndani ya tanuri.

Kisha akaongeza, "Na wewe, Mwalimu Khemais, kaa karibu naye. Huenda ukaambukizwa."

Mkate ukanywea.

Rafika ombi lake limekataliwa. Alisimama kando ya gari na barua mkononi, akauliza huyu Lamjed ni nani. Mimi nilikuwa nimeshaondoka na sanduku.

Siwezi kuiweka sanamu shuleni, Rafika ana macho. Nimeifunika blanketi, nikaipakia kwenye toroli, nikaisukuma hadi nyumbani. Watu watatu wamenipa pole ya msiba njiani. Mmoja alivua kofia.

Mke wangu Zakia alifunua blanketi. Akalifunika tena, polepole. Akasema, "Baba Yosra, nimekuvumilia mengi. Huyu aliyechunwa ngozi atalala wapi?"

Sebuleni. Nimemfunga shali la Zakia kichwani ili asiwatishe watoto.

Jumatano, 13 Novemba

Balaa.

Mama Mabruka, mkwe wangu, alikuja kututembelea na bakuli la kuskusi. Macho yake si mazuri. Akaingia sebuleni, akakuta mtu amekaa kwenye kochi amejifunga shali. Akamsalimu. Kimya. Akauliza hali ya watu wa nyumbani kwake. Kimya. Akaja jikoni akamwambia Zakia kwamba mgeni wetu ana kiburi, tangu lini mtu anaamkiwa na mama mzima asiitike? Akarudi kumfundisha adabu. Akalivuta lile shali.

Wanasema kelele ilisikika hadi kwenye kinu cha zeituni.

Mama Mabruka yuko salama. Ameapa hatakanyaga tena nyumbani kwangu, jambo ambalo kwa hakika tutalivumilia. Lakini sanamu ilianguka. Nimekusanya kila kitu: mapafu mawili, ini, moyo, kongosho. Figo moja tu! Nimetambaa chini ya kila kiti. Nimetazama kwenye kuskusi. Figo imepotea.

Kila kifaa kina orodha yake, na Bi Dhuha huhesabu.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimechonga figo ya kiazi. Nimeiloweka kwenye maji ya kiazisukari chekundu ipate rangi. Nzuri kuliko ile ya kiwandani. Zakia anasema laiti ningefanya kazi yangu kwa bidii ninayofanyia uongo, leo ningekuwa waziri. Wivu tu.

Jumamosi, 16 Novemba

Barua mbili kwa mpigo.

Ya kwanza, kutoka kwa Bi Dhuha kwenda kwa Mwalimu Lamjed. Maktaba inamwomba afundishe somo lake mbele ya walimu wa shule zote kumi na nne, hapahapa shuleni kwetu, Alhamisi tarehe 21. Watakuja kujifunza.

Ya pili, kutoka kwa mkaguzi Bwana Hashmi kuja kwangu. Kwa kuwa siku hiyohiyo anapenda kumwona huyo Mwalimu Lamjed anayesifiwa na kila mtu, ukaguzi wangu umeahirishwa. Hadi mwakani!

Nimeisoma mara nne. Nafasi yangu kachukua Lamjed! Mtu niliyemtoa kichwani mwangu, nikampa jina, nikampa darasa, nikampa hata jino bovu la kumpumzisha. Hana shukrani kabisa.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimeamua Lamjed augue. Nikampigia simu Bi Dhuha, nikasema maskini, hali yake mbaya, hataweza Alhamisi. Akashtuka. Akauliza anaishi nyumba ipi ampelekee machungwa. Nikasema amepata nafuu.

Nikajaribu njia nyingine. Nikaenda ofisini nimweleze Bwana Muldi kwa mafumbo kwamba huenda hakuna mwalimu wa jina hilo. Nikamkuta kwenye simu na mkaguzi. Anasema, "Lamjed? Mimi ndiye niliyemlea! Siku ya kwanza tu nilimwona, nikasema huyu kijana ana kitu." Akaniona, akanikonyeza.

Nikatoka. Utamwambia nini mtu kama huyo?

Saa nne, wakati wa mapumziko, Rafika alinijia uani. Sauti ya upole. Akauliza Lamjed ni mrefu au mfupi. Nikasema wa kati. Akauliza anaandikaje. Nikasema kwa kalamu. Akatoa nakala ya lile andalio, akaweka kidole kwenye neno moja. Lamjed, akasema, anaandika "bandamma". M mbili. Katika maisha yake amewahi kumwona mtu mmoja tu anayeandika bandama kwa m mbili, na mtu huyo sasa hivi anatokwa jasho mwezi wa Novemba.

Akaenda zake. Hilo ndilo linalonitisha.

Alhamisi, 21 Novemba

Siku yenyewe imefika na kupita.

Walimu ishirini na sita wamekaa nyuma ya darasa langu. Mkaguzi mbele, shati jeupe. Bi Dhuha ameshuka garini kwa mara ya kwanza tangu Septemba. Bwana Muldi alikuwa akimweleza kila mtu kwamba asubuhi amekunywa kahawa na Lamjed na amemwona na furaha sana.

Wanafunzi wangu niliwaagiza kwamba kwa saa moja wao ni Darasa la Sita B. Mkaguzi akamuuliza binti wa mbele yuko darasa la ngapi. Akajibu kwa heshima, "Leo, au kila siku?"

Nikasimama haraka. Nikatangaza kwamba Lamjed ameshikwa na tumbo njiani na ameniomba nimfundishie.

Na nikafundisha. Wallahi nikafundisha! Wakasikiliza mioyo yao kwa mabomba ya karatasi. Kukawa kimya darasani, thelathini na mmoja wakipumua, hata mafua yalisubiri. Kijana mmoja ambaye hajafungua mdomo tangu mwaka uanze akasema, "Mwalimu, wangu unakimbia." Kamba ya utumbo ikatoka mlangoni ikafika ukutani ikabaki, ikabidi watoke nayo uani wakipiga kelele za furaha. Walimu wa nyuma walikuwa wanaandika. Wanaandika maneno yangu!

Kisha mkaguzi akaomba kuiona sanamu. Akatoa moyo. Akatoa ini. Akatoa figo. Figo ilikuwa imeota. Chipukizi mbili, kama pembe. Akaigeuza, rangi nyekundu ikamiminika kwenye mkono wa shati jeupe.

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka.

Bi Dhuha akasema taratibu kwamba hilo litazungumzwa baadaye, na kwamba Mwalimu Khemais amejitahidi, ila ni wazi somo hili ni la Lamjed, na yeye mwenyewe angelifundisha vizuri zaidi.

Vizuri zaidi!

Hapo ndipo kitu kikakatika ndani yangu. Nadhani ni bandamma. Nikapaza sauti, "Hakuna Lamjed! Lamjed ni mimi! Andalio langu, kamba yangu, zeituni yangu! Hata jino lilikuwa langu!"

Vichwa vyote, kimoja baada ya kingine, vikamgeukia Bwana Muldi, aliyekunywa kahawa na Lamjed asubuhi.

Sasa wakacheka.

Ijumaa, 22 Novemba

Bi Dhuha hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alinikalisha kwenye ngazi ya gari lake akanionyesha orodha. Baada ya jina la Lamjed kulikuwa na Rafika. Baada ya Rafika, shule moja ya huko juu mlimani, darasa moja, watoto kumi na wanane, mwalimu mmoja anayetembea saa nzima kufika. Sanamu ingekuwa imeshafika huko, akasema. Wiki moja imelala kwenye kochi lako.

Nikamwomba radhi. Ni nadra.

Akaendelea. Marufuku yangu imesogezwa hadi Juni, na figo mpya nitailipia mimi. Sanamu inakwenda kwa Rafika leo, na wiki ijayo mlimani. Na kila Jumanne, kwa saa moja, nitakaa ndani ya gari niwaandikie walimu wa shule zote kumi na nne maandalio ya masomo. Kwa jina langu. Atayasoma yeye kwanza, na bandama atainyosha.

Nikauliza kama hii ni adhabu au heshima. Akasema itategemea mwandiko.

Barua ya mkaguzi pia imefika, mistari miwili. Mwalimu ana uwezo mkubwa ila amejificha nyuma ya mtu asiyekuwepo. Cheo: hapana. Gharama ya dobi: tazama nyuma ya karatasi.

Jumamosi, 23 Novemba

Rafika alikuja mlangoni mwa darasa langu saa mbili asubuhi, maana hata Jumamosi tunafundisha. Nikajiandaa kwa kejeli. Hakukejeli. Akasema, "Kaka Khemais, si ungeniomba tu? Tungeandika wote ombi moja. Mimi najua kujaza fomu, wewe unajua hizo kamba zako."

Nikamwambia sikulifikiria hilo. Akasema anajua.

Tukafundisha pamoja, madarasa mawili kwa wakati mmoja, watoto wamebanana kama zeituni kwenye gunia. Yeye akitoa viungo, mimi nikisimulia safari. Ilikuwa saa bora kuliko zote nilizofundisha mwaka huu. Mwishoni nilipenga kamasi mara mbili. Mafua, bila shaka.

Nimeapa mbele ya Zakia: sitaandika tena jina la mtu asiyekuwepo, na fomu nitajaza kwa ukweli mtupu. Zakia ameniambia nile chakula kabla hakijapoa.

Jumanne, 26 Novemba

Saa yangu ya kwanza garini. Joto zuri, jiko la mkaa, chai yenye karafuu. Nimemwandikia mwalimu wa mlimani somo la mvua. Bi Dhuha amelisoma, akasahihisha maneno mawili, akasema "vizuri". Neno moja, bila Lamjed! Nikatamani kulifungia kwenye chupa.

Kisha akashuka kuwapangia wanafunzi vitabu, akaniacha na makaratasi. Sikupekua. Yalikuwa juu. Maktaba ina huduma mpya kwa madarasa ya awali: vikaragosi kumi na viwili, jukwaa dogo lenye pazia, na zulia nene la sufu. La sufu! Darasani kwangu, sakafu ya saruji, dirisha lisilo na kioo, watoto thelathini na mmoja na mafua yao. Hili si la ubinafsi hata kidogo.

Shule yetu haina darasa la awali. Huo ni upungufu, na upungufu lazima mtu auzibe.

Nimevuta fomu. Idadi ya watoto: ishirini na wawili. Nilitaka kuandika thelathini, nikajizuia. Mtu anapaswa kuwa mwaminifu.

Jina la mwalimu: Bi Emna Dridi. Mpole, mchapakazi, haendi mikutanoni. Wazazi wanampenda sana.