Kinyago Kilichotundikwa Mbele ya Mke Wangu

Madimba, Mtwara
14 Agosti 1974

Ndugu Msimamizi wa Maonyesho ya Sanaa,

Habari za kutundika vitu ukutani? Mimi si mzima. Jumamosi na Jumapili nilimleta mke wangu Zulmira mjini tustarehe kama watu wengine, nikarudi nyumbani sina heshima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumamosi tulikuja kwenye muziki. Tukakalishwa vitini, sindimba inachezwa jukwaani, na ukinyanyuka kidogo unaambiwa kaa, unawaziba wa nyuma. Ndugu, tangu lini sindimba ikachezwa watu wameketi? Hilo nimesamehe.

2. Jumapili tukaingia kwenye maonyesho yako, nikamkuta lipiko kwenye msumari. Huyu, kama hujui, ni mzimu. Siku ya ngoma hutoka makaburini, akawakimbiza wanawake, nao wakampa kuku ili atulie. Ndivyo wanavyoambiwa. Wewe umeandika chini yake: "Kinyago cha mti. Huvaliwa na mwanamume, ambaye huchungulia kupitia mdomo wa kinyago." Zulmira alisoma kwa sauti, mara mbili.

3. Kisha akanitazama.

4. Lipiko wa hapa kwetu, mwaka wa kumi na moja sasa, ni mimi. Mwezi ujao vijana wanatoka jando. Mke wangu asipokimbia, hakuna mwanamke atakayekimbia. Wasipokimbia, hakuna ngoma. Bila ngoma vijana hawatoki jando, wasipotoka hawaoi, na ujamaa utakosa watu wa kuujenga. Yote hayo kwa msumari wako mmoja!

Kwa hiyo naomba ubandike maneno mapya: "Mzimu. Amepumzika." Tena wanawake waingie kinyumenyume. Nasema kweli, Ndugu, naogopa. Siku ya ngoma ndiyo siku pekee mke wangu ananikimbia. Siku nyingine zote namkimbia mimi.

Wasalimie wapiga ngoma wa Jumamosi, bawabu wako, na aliyepigilia msumari, ingawa hastahili.

Wako katika ujenzi wa taifa na aibu,
Kasiani Nandonde

Nyongeza: Barua hii ni siri kubwa. Kwa kuwa sijui kuandika, namtamkia Zulmira, aliyehitimu kisomo cha watu wazima. Nimemkataza kabisa asisikilize anachoandika.

Nyongeza ya mwandishi: Ndugu, maneno yako yaache hapo hapo. Mwendo wa mume wangu naujua, hata akivaa mti. Wanawake wote tunajua, na mama zetu walijua. Tunakimbia kwa sababu akishatukimbiza hurudi nyumbani anacheka, na wiki nzima hagombi. Mwezi ujao nitakimbia mbele ya wote. Zulmira.