Meneja na Nyuzi za Ndani

Jumatatu, 9 Juni
Siku njema! Mzee Mayala, baba yake Joyness, anatafuta dume la ng'ombe la kupanda mitamba yake. Dume langu Meneja akimridhisha mzee, nitapata pa kuanzia habari ya kumwoa Joyness. Tatizo, Meneja hapandi. Anatazama mawingu tu. Nikimtazama sana, nami nasinzia.

Ijumaa, 13 Juni
Nimemwuliza Bi Shifa, afisa mifugo. Kasema kwenye korodani mna seli zinazotengeneza homoni ya kiume. Juu ya seli kuna vipokezi, ndivyo vinavyopokea ujumbe kutoka kichwani. Ndani mna nyuzi nyembamba mno, zinasogeza mafuta hadi homoni inapotengenezwa. Nyuzi zikivurugika, kazi inalala. Akaendelea, ila mimi sikusikia tena. Nyuzi! Na kijiji chetu chote cha Kasoli ni pamba! Nimerudi na gunia la mbegu za pamba.

Mchana nikaota niko ndani ya seli. Natembea juu ya nyuzi nyeupe, matone ya mafuta yanaelea kando yangu, na mlangoni Joyness anapokea ujumbe. Sikutaka kuamka.

Ijumaa, 27 Juni
Meneja amekula mbegu asubuhi na jioni. Leo nimempeleka kwa Mzee Mayala. Mtamba akamsogelea mwenyewe, akamlamba shingo. Meneja akalala chini, akacheua! Nyanda, jirani yangu mwenye mdomo, akauliza nimeleta dume au shangazi. Watu wakacheka. Mzee Mayala hakucheka, na hilo limeniuma zaidi. Sasa atachukua dume la Nyanda.

Joyness kanisindikiza hadi njia panda. Kasema kwa upole kwamba baba yake hana neno nami, nije mwenyewe niseme, ng'ombe nimwache nyumbani. Maskini, sayansi hajaisoma.

Jumamosi, 5 Julai
Bi Shifa kaona gunia, kashika kichwa. Kumbe mbegu mbichi nyingi huharibu uzazi wa dume! Tena nyuzi za seli haziliwi, seli hujitengenezea yenyewe.

Asubuhi Nyanda kapita kwenda kwa Mzee Mayala, shati jipya, na wazee wawili. Dume kamwacha nyumbani. Mjinga.

Nimekaa kivulini nikawaza kwa utulivu mpaka kosa nikaliona. Nilimpa mbegu, nyuzi zenyewe nikaziacha! Nimefumua godoro langu la pamba. Meneja anatafuna taratibu, macho kayafumba nusu, kama mwenye ndoto nzuri.

Nasikia vigelegele kwa Mzee Mayala. Bila shaka mtamba mmoja ameshika mimba. Tafuna haraka, Meneja!