Wimbo wa Shadya, Mwepesi Kuliko Picha ya Paka

Jumanne, 7 Oktoba

Bagamoyo nzima haina kichwa kama changu. Dada Shadya ni bibi harusi, anatolewa ukumbini Jumamosi, na wimbo wa kumwingizia nautunga mimi! Kwenye simu! Kwa kidole gumba kimoja, maana kingine nilikikata nikimenya muhogo. Fidla, ganuni, ngoma, okestra nzima imo ndani ya mfuko wa kaptula.

Mama hakushangilia. Amesema tangu nilipoacha shule kidato cha pili amechoka kulisha msanii. Wimbo ukipendeza, nabaki mjini na uprodyuza wangu. Ukiharibika, Jumapili napanda gari la Mkange kwa Mjomba Ishaka, kulinda mihogo yake isiliwe na nguruwe pori.

Mkange! Mimi! Nimekubali bila kupepesa. Nguruwe watanisubiri sana.

Alhamisi, 9 Oktoba

Simu imegoma kuutoa wimbo. Eti imejaa. Kilichoijaza ni picha zangu mwenyewe, na hizo hazifutwi, ni historia. Nikabonyeza huku na huku nikaona neno MIDI. Nikautoa kwa njia hiyo. Loo! Wimbo mzima, na fidla zake zote, mwepesi kuliko picha ya paka! Ilibidi nikae chini. Kumbe maprodyuza wa Dar wanateseka bure.

Nikamwonyesha Sufiani, jirani yetu, yule anayeringa kwa sababu ana kinanda chenye vitufe vya kweli. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akauliza kama nimewahi kuona ng'ombe ndani ya bahasha. Anadai MIDI haibebi sauti hata chembe. Inabeba maagizo tu: bonyeza hapa, achia pale, tumia ala namba fulani. Sauti ni ya mashine inayopokea. "Umempa mwenzio maelezo ya kupika pilau, Msabaha. Pilau yenyewe hujampa."

Akataka kujua ala zangu zina namba gani. Nikamjibu, ganuni 125, fidla 126. Simu yangu ndivyo ilivyozipanga, kule mwishoni. Kicheko kikamkauka. Akasema niende kwa Bi. Nasrin haraka, tuujaribu kwenye kinanda chake kabla ya shughuli.

Wivu! Nimeuona kwa macho yangu!

Kwa Bi. Nasrin nimekwenda, lakini kumkabidhi flashi tu. Ndiye mpiga kinanda wa kikundi cha taarabu cha akina mama, kitakachopiga Jumamosi. Shikamoo, marahaba mwanangu, je, umeujaribu? Nikamwambia Bi. Nasrin, cha fundi hakionjwi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Shughuli ni ya wanawake peke yao. Mwanamume haingii, hata awe fundi umeme. Basi mimi nje, nimeegemea ukuta chini ya dirisha, kanzu safi, nasubiri vigelegele vyangu. Nikasikia Bi. Nasrin anatangaza bibi harusi anaingia. Ukumbi kimya. Nikafumba macho niisikie ganuni yangu.

Simu ikaita.

Kririi! Kririi! Nikajiuliza nani huyo asiye na adabu. Kumbe ni mimi! Ganuni yangu inaita kama simu ya mezani ya ofisi ya serikali! Nikachungulia. Wanawake wote wamefungua mikoba kwa pamoja. Mama mkwe wa Shadya ameweka simu sikioni, anapiga kelele haloo, haloo, nani mwenzangu?

Nikasema afadhali fidla zinakuja, zitaniokoa. Fidla zikaja. Helikopta! Wallahi helikopta, inatua ndani ya ukumbi! Bi. Nasrin anabonyeza kila kitu, nayo inazidi kushuka. Wakatoka mbio na madera yao, wameshika mitandio, wanatazama juu. Mmoja akasema waziri amekuja. Mwingine akaanza kujipaka wanja.

Ndani alibaki Shadya peke yake, amesimama katikati ya zulia, shela usoni.

Nikapaza sauti dirishani wabadilishe namba. Somo yake, yule mama anayemfunda, akanimwagia ndoo ya maji. Kanzu yote!

Jumapili, 12 Oktoba

Mama ameweka begi langu mlangoni. Nilijitetea kwamba kinanda cha Bi. Nasrin kinaumwa. Akaongeza ndala juu ya begi.

Shadya ndiye aliyeniumiza. Alisema angalau ningempigia ngoma ya mkono, angeingia akicheka. Kisha akageuka upande wa pili. Nikabeba begi mwenyewe. Mimi, fundi, nabeba begi! Sijawahi kuona jambo kama hilo.

Sufiani alikuja stendi kunisindikiza, au kunicheka, sikujua. Akasema vinanda vingi hufuata mpango mmoja: 125 simu, 126 helikopta, 127 makofi, 128 milio ya risasi. Simu yangu ndiyo iliyojipangia namba za kwake. Akarudia, jaribu kwanza, ndugu yangu, jaribu kwanza. Gari likaondoka bado anarudia.

Jumatano, 15 Oktoba

Mkange. Nguruwe hawalali, na Mjomba Ishaka halali ili mimi nisilale.

Lakini bahati haijifichi! Ijumaa shule ya hapa ina mahafali ya kidato cha nne. Mwalimu Amiri ana kinanda, hana wimbo wa kumwingizia mgeni rasmi. Mjomba amesema nikiipa heshima familia, atampigia Mama simu nirudi mjini. Nikaruka juu!

Safari hii nina elimu. Makofi nimeyaweka, 127, ukumbi usipoe. Mwalimu Amiri akataka tujaribu kwanza. Watu wa hapa na kujaribu! Nikamwambia jambo la kushtukiza halijaribiwi, linachacha.

Tena makofi matupu hayatoshi. Mgeni rasmi ni mkubwa wa polisi, anakuja na walinzi wake. Mtu kama huyo anataka heshima ya kiaskari. Nimemwekea namba 128, risasi mfululizo, kuanzia anapovuka mlango mpaka anapofika kitini.

Atajisikia yuko kazini.